Bolti ya Juu

Katika karakana ile kulikuwa na vitu viwili ambavyo si kila mtu aliruhusiwa kuvigusa: redio ya Fundi Mkuu na bolti ya juu ya stata.

Redio ilikuwa ya Fundi Mkuu kwa sababu ilimtii yeye peke yake. Akiigusa mwingine inanyamaza, mpaka mwenyewe aje aipige kofi ubavuni. Bolti ya juu nayo ilikuwa ya Sindano, kwa sababu ni mkono wake tu uliofika.

Stata ni ile mota ndogo inayoishtua injini ukizungusha ufunguo. Katika vani zile zenye pua fupi, ambazo injini yake imefichwa chini ya viti vya mbele, stata hufungwa kwa bolti mbili. Ya chini kila mtu anaiona. Ya juu imejificha nyuma ya bomba la hewa, juu ya gia boksi, mahali ambapo Kipaza alisema hata aliyeliunda gari "aliifunga kisha akakimbia asije akaulizwa." Kuifikia lazima upitishe mkono kati ya bomba na chuma, ukunje kiganja, uende kwa kupapasa kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati. Mafundi wengine mikono yao ilikuwa minene kama mikate. Wakijaribu, ngozi inabaki ndani. Kwa hiyo kazi ikifika hapo, sauti inapigwa karakana nzima:

"Sindanoo! Kwenu wanakuita!"

Naye anakuja, anaivua pete yake ya ndoa na kuiweka kwenye mfuko wa ovaroli, anapaka grisi hadi kwenye kiwiko, mkono unaingia. Anafumba macho. Watu wengine wakifumba macho wanaonekana wamelala, lakini yeye alionekana anasikiliza.

Jina alipewa na Kipaza, na hilo Kipaza naye alipewa kwa sababu hakujua kusema taratibu. Sindano alikuja pale miaka saba nyuma kuosha vyuma kwa dizeli, msichana aliyemaliza darasa la saba asiye na pa kwenda. Siku moja nati ikadondoka mahali pabaya ndani ya injini, mafundi wakaanza kubishana kama waishushe injini nzima. Yeye akasema kwa sauti ndogo, "Naweza kujaribu?" Akaitoa kwa vidole viwili. Fundi Mkuu akamwangalia, akaiangalia nati, akasema, "Kesho usioshe vyuma." Hakuna aliyemwita muosha vyuma tena tangu hapo.

Sasa kulikuwa na desturi moja ya karakana ile, na ndiyo iliyoleta haya yote. Kila bolti iliyokazwa ilipigwa mstari wa rangi ya njano, na Fundi Mkuu alipita mwishoni na tochi akiikagua mistari, mmoja mmoja. Bila mstari, gari haliondoki. Lakini bolti ya juu huwezi kuipaka rangi, na hata ukiipaka hakuna jicho la kuiona. Hiyo ilikaguliwa kwa mdomo. Fundi Mkuu alisimama upande wa pili wa gari na kadi yake mkononi, akauliza, "Imeshika?" Sindano akajibu, "Imeshika." Mzee akaandika neno hilo kwenye kadi, akapiga sahihi. Neno la Sindano ndilo lilikuwa mstari wa njano.

*

Kisha Sindano akapata mtoto. Mkono ulianza kubadilika miezi miwili kabla ya hapo.

Mwanzoni vilikuwa vidole vitatu tu vya mkono wa kulia, gumba na viwili vinavyofuata, vikiamka asubuhi vimekufa ganzi kana kwamba vimelaliwa. Anavikung'uta, vinarudi. Nesi wa zahanati alimwambia mshipa umebanwa pale kwenye kifundo cha mkono, huwapata wajawazito wengi, ukijifungua unaachia. Akamshauri afunge kifundo kwa kibao na kitambaa anapolala, na aupumzishe mkono. Sindano akaitikia, "Sawa, dada." Kibao alikifunga. Kupumzisha mkono ndiko kulikomshinda, maana ungeupumzishaje mkono ambao ndio umekuweka mjini?

Akajifungua, akakaa nyumbani majuma sita, akarudi kazini. Mshipa haukuachia. Mtoto sasa alikuwa na miezi minne, mnene, ana vikunjo vitatu kila paja, na mama yake alikuwa amejifunza kumbeba kwa mikono ya chini, kwa kiwiko na kifua, maana vidole hakuviamini. Kikombe kilishamtoka mara mbili. Mama mkwe wake, waliyeishi naye wakati mume yuko mbali kwenye ujenzi, aliokota vipande vyote mara zote mbili bila kusema neno. Alikuwa mama wa namna hiyo. Anaona, anaweka.

Karakanani hakumwambia mtu. Kila alipoingiza mkono alijipa moyo kwamba miaka saba ya kupapasa haipotei kwa ganzi, kwamba mkono unaijua njia wenyewe. Na bolti zilishika. Au zilikazika, na yeye akasema zimeshika.

*

Jumatatu ililetwa vani ya zahanati, nyeupe, ile inayobeba wajawazito kutoka majumbani. Ililetwa kwa kusukumwa. Dereva wake, mwanamume mrefu mwenye haya, alikuwa amelowa jasho mpaka mgongoni.

"Stata imekufa kabisa," alisema. "Nikizima, siwashi. Juzi nimesukumwa na mgonjwa yumo ndani. Nawaombeni leo leo, jamani."

Kipaza akaingia chini, akaifungua bolti ya chini huku akiimba. Sindano akaifungua ya juu. Stata mpya ikakaa mahali pake, Kipaza akafunga ya chini. Kisha zamu ya Sindano.

Alipaka grisi, akaingiza mkono. Bolti aliishika kwa vidole vitatu, lakini ilikuwa kama kushika kitu kupitia blanketi. Alijua iko pale kwa sababu haikuwa imeanguka. Akalitafuta tundu, akalipata, akaizungusha bolti. Ikakubali. Akazungusha tena, ikakaza upesi, upesi kuliko kawaida. Zamani angesimama hapo hapo. Bolti ikiingia upande, nyuzi zake zisipolingana na nyuzi za tundu, hukaza haraka na kukudanganya kwamba imefika. Vidole vizima vinajua tofauti hiyo katika mzunguko wa kwanza. Vyake havikujua kitu. Akachukua spana fupi, akaisukuma robo kwa robo mpaka ikagoma.

Maziwa yalikuwa yameshaanza kumjaa kifuani. Saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita.

"Imeshika?" Fundi Mkuu aliuliza kutoka upande wa pili.

Kulikuwa na kimya kifupi, kama cha mtu anayemeza mate. Kwa kimya hicho alikuja kujilaumu zaidi kuliko kwa lile neno.

"Imeshika."

Mzee akaandika. Dereva akazungusha ufunguo, injini ikawaka mara moja, akacheka kwa furaha, akampungia kila mtu mkono, hata redio.

*

Jumatano asubuhi vani ilirudi ikivutwa na kamba.

Dereva alishuka, akaegemea mlango. Leo haya zilikuwa zimemtoka. "Jana jioni nimekwenda kumchukua mama mmoja. Nimemwingiza, amelala, nazungusha ufunguo. Ikalia kraaa, kama inatafuna mawe. Basi. Haikwenda mbele wala nyuma. Tumembeba mpaka kwenye kibanda cha mlinzi wa kiwanda, amejifungulia pale, kwenye benchi, mlinzi kageukia ukutani kashika taa." Akapangusa uso. "Wazima. Wote wawili wazima. Lakini ni bahati tu, na bahati yenyewe hamkuifunga nyie."

Fundi Mkuu alijilaza chini ya gari mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi kwa sababu ya magoti yake. Akatoka na vumbi la chuma kwenye kiganja.

"Stata imecheza," akasema. "Imetafuna meno ya flaiwili, gurudumu la injini. Bolti imeachia." Akageuka. "Kipaza!"

"Naam, Fundi."

"Ya chini ulikaza wewe?"

"Nilikaza mimi na mstari nilipiga, Fundi! Angalia, mstari ule pale!"

"Mstari naupaka hata mimi nikiwa nimelala! Unafanya kazi huku unaimba, unakaza huku unapiga soga. Sikukwambia? Sikukwambia wewe siku moja utaua mtu?"

Kipaza alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, haukutoka hata mlio. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, amesimama mbele ya dereva na mafundi wenzake mikono ikining'inia.

Sindano alikuwa hatua tano kutoka pale, ameshika tupa na kipande cha chuma. Aliona jinsi shingo ya Kipaza ilivyolegea. Alijua. Hakuhitaji kuingiza mkono ndani ili ajue. Akaendelea kupiga tupa kile chuma ambacho hakikuwa na haja ya kupigwa.

*

Saa sita alikwenda nyumbani kunyonyesha, ni vichochoro viwili tu. Mama mkwe alikuwa uani, anachota maji kwenye pipa la bluu. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, anakipigia kelele kidole chake cha mguu.

Sindano alikaa, akataka kufungua kifungo cha blauzi. Kifungo kikateleza. Akakishika tena, kikateleza. Mtoto akaanza kulia. Mara ya nne mama mkwe aliweka ndoo chini, akaja, akafungua kifungo kwa vidole vyake vikavu, akampakata mtoto vizuri, akakaa kando.

"Mkono huo," akasema, "umemwambia nani?"

"Nesi."

"Nesi hafungi magari. Pale kazini umemwambia nani?"

Sindano alimtazama mtoto akinyonya. Kisogoni alikuwa na jasho dogo dogo, kama umande. Akamwaza yule wa kwenye benchi la mlinzi, ambaye naye sasa hivi labda ananyonya, na jana jioni watu walikuwa wanatafuta kitambaa cha kumfutia.

"Mama, nimesema uongo," akasema, machozi yakamdondokea mtoto sikioni. "Na kuna mtu amegombezwa badala yangu."

Mama mkwe hakumwuliza uongo gani. Alimfuta mtoto sikio. "Basi mwache anyonye ashibe," akasema. "Kwenda kusema na matiti yamejaa ni tabu mara mbili."

*

Alimkuta Fundi Mkuu kwenye kiti chake cha mbao, redio imezimwa. Akasimama mbele yake kama siku ile ya nati.

"Fundi, siyo Kipaza. Ni ya juu. Ni mimi."

Mzee alimwangalia.

"Sikuihisi. Ulipouliza, nilikuwa sijui kama imeshika. Vidole vimekufa ganzi, hivi vitatu."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto hajazaliwa."

Fundi Mkuu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alinyanyuka, akaenda kwenye msumari zilipotungikwa kadi za magari, akaanza kuzichambua moja moja, akitia mate kidoleni. Zile ambazo ziliandikwa "Imeshika" kwa miezi hiyo alizipanga juu ya meza. Zilikuwa tisa, bila kuhesabu kadi ya zahanati.

"Magari tisa," akasema, "yanatembea huko nje kwa neno lako."

Halafu akaita, kwa sauti ambayo karakana nzima ilisikia: "Kipaza! Ya chini ilikuwa nzima. Nimekukosea mbele za watu, nakutaka radhi mbele za watu."

Kipaza alikuwa amekunja uso. Alimpita Sindano bila kumtazama, akaokota nyundo. Baada ya hatua chache akasema, bila kugeuka, "Ungesema tu, dada. Mimi huwa nasemwa hata nyumbani, nimezoea. Lakini kwa kosa langu."

*

Magari yaliitwa. Mengine kwa simu, mengine kwa kutuma maneno vituoni. Fundi Mkuu hakumfukuza Sindano, wala hakumwambia abaki. Alisema tu, "Bolti hizo wewe ndiye uliyezifunga. Tafuta namna ya kuzifikia ambayo haitaki vidole." Akaenda zake.

Sindano alianza kwa vilivyopo. Boksi spana yenye mkono mrefu na kiungo cha kupinda: iliingia vizuri, ikifika kwenye kona kiungo kinakunjika kama goti la mlevi, nguvu yote inaishia hapo. Spana fupi ya kawaida ilitaka vidole vya kuishikilia, na vidole ndivyo vilivyokosekana. Alikwenda kwa wauza vyuma chakavu, akachutama mbele ya marundo, akapindua spana moja moja mpaka mwenye rundo akamwuliza, "Mama, unatafuta spana au unatafuta mchumba?" Akarudi na spana mbili za duara, zile zinazoivaa bolti kama pete, namba kumi na nne, ndefu, za chuma kizito.

Alichukua waya mnene, akauingiza nyuma ya bomba la hewa la vani ya zahanati, akaukunja ukafuata njia ambayo mkono wake uliipita miaka saba. Alipouchomoa, waya ulikuwa na umbo la ajabu, kama shingo ya bata anayechungulia mlango. Miaka saba ya kupapasa ilikuwa hiyo hapo, mtu yeyote anaweza kuishika. Hilo lilimchoma kidogo. Akatia spana ya kwanza kwenye jiko la mkaa, akapuliza mpaka ikawa nyekundu, akaibana kwenye jiliwa, akaipinda ifanane na waya, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ikalia chwiii. Ilipendeza. Alipoikazia bolti ya kwanza ikakatika vipande viwili kama biskuti.

"Umeitesa," Kipaza alisema kutoka chini ya gari jingine. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa siku mbili. "Chuma hicho ukikizamisha kwenye maji kinakuwa kigumu kijinga. Kizike kwenye majivu, kipoe kwa wakati wake."

"Asante, kaka."

"Usinishukuru. Nimechoka kusikia vitu vikivunjika."

Ya pili aliizika kwenye majivu ya jiko, akaiacha ipoe mpaka kesho yake. Ikapindika, ikakubali, haikuvunjika. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba uzito wa bolti haukusikika vidoleni, ulipanda mpaka kwenye kiwiko, na kiwiko chake kilikuwa kizima.

Likabaki moja, na ndilo lililokuwa gumu. Kukaza kulikuwa na dawa. Lakini vani ya zahanati ilikuwa bado inangoja. Flaiwili ilishabadilishwa, nyuzi za tundu zimechongwa upya, na bolti yake mpya ilitaka kuanzishwa kutoka mwanzo, iingie wima. Kwa spana ungeilazimisha, ingeingia upande tena, na safari hii tundu lingeharibika kabisa.

Jibu alilipata nyumbani, na halikutafutwa. Bomba la lile pipa la bluu lilikuwa limevunjika mshikio siku nyingi. Mama mkwe alikuwa amevisha kipande cha mpira juu ya kisiki chake, anakizungusha kwa mpira huo. Sindano alimwona akifanya hivyo kila siku. Siku ile ndiyo alimwona kweli.

"Mama, kwa nini hukuchukua koleo?"

"Koleo lina nguvu mno, lingekata. Mpira ukilazimisha unateleza. Unaacha."

Sindano alisimama na mtoto begani, mdomo wazi.

Asubuhi alikata kipande cha mpira wa kupitishia mafuta, urefu wa mkono, akakivisha kwenye kichwa cha bolti, akaipenyeza. Akauzungusha mpira huku nje, mahali pa wazi, kwa kiganja kizima. Mara ya kwanza bolti ilienda upande, na mpira ukajisokota, ukagoma. Haukuwa na nguvu ya kudanganya. Akairudisha nyuma, akanyoosha, akajaribu tena. Safari hii ikazunguka laini, mizunguko kumi na moja, aliihesabu kwa midomo. Ndipo akavuta mpira, akaleta spana yenye shingo ya bata.

Mwisho alichukua kijioo kidogo alichokuwa anajitazamia kabla hajajifungua, akakifunga kwenye spoki ya baiskeli. Akapaka bolti ya juu rangi ya njano kwa brashi iliyofungwa kwenye waya. Ukiingiza kijioo na tochi, mstari ulionekana, umepinduka lakini unaonekana.

Fundi Mkuu alikuja na kadi. Sindano alisimama upande wake, akangoja swali.

Mzee hakuuliza. Alinyoosha mkono, akapewa kijioo, akachutama taratibu kwa ajili ya magoti, akaangalia. Akaangalia muda mrefu. "Mstari naona," akasema. Akaandika, akaenda. Sindano alibaki na lile neno mdomoni, halina wa kupewa.

*

Magari yakaja, moja leo, mawili kesho. Kwa kila moja spana iliingia, kiwiko kilisema. Sita yalikuwa salama. Mawili bolti zake zilikuwa zimelegea robo mzunguko, akazikaza. Kila mara Fundi Mkuu alichukua kijioo mwenyewe, akaangalia mwenyewe.

Spana, mpira na kijioo vilitungikwa kwenye ubao wa zana za wote, kati ya misumeno na nyundo. Sindano ndiye aliyevitungika, ingawa hakuna aliyemwambia. Fundi akipinda spana yake mwenyewe, kwa desturi ni yake, haiombwi wala haiazimwi. Alisimama mbele ya ubao ule kitambo kabla ya kupiga msumari. Juma lililofuata Kipaza alifungua bolti ya juu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mkono wake mnene ukabaki nje, mzima.

"Kumbe humu ndani hamna kitu!" alipiga kelele. "Miaka yote najua kuna hazina!" Mafundi wakacheka. Alipoirudisha spana ubaoni alimtazama Sindano, akaongeza kwa sauti ndogo kadiri alivyoweza, ambayo bado ilisikika hadi barabarani, "Hii ni mdogo wako, sawa? Mkubwa ni wewe."

Sindano alitabasamu. Lakini sauti ya kumwita kutoka upande mmoja wa karakana hadi mwingine haikupigwa tena.

Gari la tisa halikuja. Simu ya mwenyewe haikupatikana. Kituoni walisema alihamia njia nyingine, mbali, anabeba watu na mizigo milimani. Kadi yake ilibaki peke yake kwenye msumari. Kila vani yenye pua fupi iliyopita barabarani Sindano aliinua kichwa, hata akiwa anakula, hata akiwa amempakata mtoto. Usingizini alikuwa akiisikia: kraaa.

Mkono nao ulikuwa na siku zake. Kuna asubuhi kidole kimoja kiliamka, akaligusa nacho shavu la mtoto, akahisi joto, akafurahi mpaka akamwita mama mkwe. Kesho yake kikalala tena.

Ilikuwa juma la nne. Saa nne asubuhi vani ya kijani iliingia yenyewe, mizigo imefungwa juu, dereva akilalamika kabla hajashuka. "Nimesikia mnanitafuta kama nimeiba. Nina abiria wananingoja, fanyeni upesi. Gari langu halina kitu."

Sindano alishaijua rangi ile kabla haijasimama. Akaitoa spana ubaoni. Fundi Mkuu alikuja na kadi ya tisa, na kijioo ameshakishika mkononi.

Sindano akaingiza spana, shingo ya bata ikapita nyuma ya bomba, ikaivaa bolti. Akafumba macho kama zamani. Akavuta.

Hakuna kilichopinga. Kiwiko kilikwenda kama kinafungua mlango usio na kitasa. Alivuta tena, akiomba moyoni iwe ni spana imeteleza. Haikuteleza. Bolti ilikuwa imekaa pale kwa nyuzi mbili au tatu, imepinda, inazunguka bure. Milimani, na watu, majuma yote hayo.

Nyuma yake dereva aliendelea kulalamika kuhusu abiria wake. Alimsikia Fundi Mkuu akisogea upande wa pili wa gari, mahali pake pa siku zote, akangoja achutame, akangoja mwanga wa tochi uingie.

Mwanga haukuingia. Mzee alikuwa amekitia kijioo kwenye mfuko wa shati, na kalamu iko mkononi.

"Imeshika?" akauliza.

Karakana iliendelea na kelele zake. Ni Kipaza tu aliyeacha kugonga.

"Haijashika, Fundi," Sindano akasema. "Inazunguka bure. Imeingia upande, ni mimi niliyeiingiza. Gari hili lisiondoke leo."

"Lisiondoke!" dereva akaruka. "Nina abiria mimi!"

"Abiria watapanda jingine," Fundi Mkuu alimjibu bila kumwangalia. Akainamia kadi, akaandika neno lile kama alivyoambiwa, herufi moja moja, akapiga sahihi chini yake.

Sindano alimpa dereva kiti akae. Kisha akapaka grisi hadi kwenye kiwiko, akauchukua mpira ubaoni, akarudi chini ya gari.